Maumivu ya mawe ya nyongo: si kila tumbo ni vidonda

Kwa miaka miwili nilimeza dawa za vidonda vya tumbo, kumbe sina vidonda. Kila nikitoka harusini nimekula biriani, usiku maumivu hunishika kwenye chembe cha moyo na chini ya mbavu za kulia, yakapanda hadi bega. Baada ya saa mbili tatu hutulia, nami nikasahau. Mpaka asubuhi moja mume wangu akaniambia, "Mbona macho yako ni manjano?"

Nyongo hutengenezwa na ini ili kusaidia kusaga mafuta, na huwekwa katika mfuko mdogo chini ya ini. Kolestroli ikizidi ndani yake, huganda polepole ikawa vijiwe. Tukila mafuta, mfuko hujikaza kutoa nyongo. Jiwe likiziba njia, maumivu huanza.

Walio hatarini zaidi ni wanawake, waliopita miaka 40, wanene, waja wazito, na waliokonda kwa haraka. Wagonjwa wa selimundu pia huyapata, hata wakiwa wadogo, kwa kuwa damu yao huvunjika kwa wingi.

Kipimo chake ni altrasaundi ya tumbo. Hakiumi, ila uende hujala kwa saa 6 hadi 8. Eksirei ya kawaida mara nyingi haiyaoni mawe haya. Damu nayo hupimwa kuangalia hali ya ini.

Mawe yasiyokusumbua kwa kawaida huachwa. Yakisumbua, tiba ni kuutoa mfuko wenyewe, mara nyingi kwa matundu madogo tumboni. Mtu huishi vizuri bila mfuko huo, kwani ini huendelea kutoa nyongo. Kupunguza mafuta hupunguza maumivu, lakini hakuondoi mawe. Na wale wanaokunywa mafuta ya zeituni na ndimu, vile vidonge vya kijani wanavyoviona chooni si mawe. Ni mafuta yaliyoganda kama sabuni.

Usingoje kama mimi. Ukiona maumivu yasiyotulia kwa saa kadhaa, homa na kutetemeka, macho ya manjano au mkojo mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Jiwe likishuka kwenye mirija laweza kuwasha kongosho, na hilo huua.

Mimi nilifanyiwa upasuaji, nikapona. Harusini bado naenda, na biriani naila, ila sahani moja.