Kutoka rangi ya ubavuni hadi setilaiti: jinsi malori ya Mombasa–Malaba yalivyojifunza kuchungwa

Juma hili tuweke kando lugha za programu tuzungumze juu ya lori. Najua wengine mtauliza lori na tarakilishi vinahusiana vipi. Vumilieni, tutafika.

Mzigo ukishushwa Kilindini ukielekea Kampala au Kigali, Kenya haiutozi ushuru wake, kwa sababu hautatumika hapa. Unapita tu. Lakini kati ya Mombasa na Malaba kuna zaidi ya kilomita 900 za barabara, na sukari iliyoandikiwa Kampala ina utamu uleule ikiuzwa Nakuru. Mzigo wa kupita ukitoweka njiani, serikali inapoteza ushuru na mfanyabiashara anayelipa kodi kihalali anashindwa kushindana na bei ya magendo. Kwa hiyo swali la watu wa forodha limekuwa lilelile miaka yote: tutajuaje kwamba lori limetoka nchini na kila kitu kilichokuwa ndani yake?

Jibu la kwanza lilikuwa rangi, chuma na karatasi. Lori la kazi hii lilitakiwa kuwa na leseni na kuandikwa TRANSIT GOODS ubavuni kwa herufi kubwa, ili askari yeyote alitambue. Kontena lilifungwa sili ya chuma yenye nambari. Mwenye mzigo aliweka dhamana, ambayo ilifutwa tu baada ya mpakani kuthibitisha kwamba mzigo umevuka. Bidhaa zilizovutia wezi, kama vile sukari na sigara, zilisindikizwa na maafisa kwa msafara. Madereva wa zamani wanaufahamu msafara: unangoja malori yatimie, kisha mnakwenda kwa mwendo wa aliye mgonjwa kuliko wote. Lori moja likiharibika, wote mnasimama.

Mwaka 2005 mamlaka ya mapato, KRA, ilileta mfumo wa Simba, uliojengwa juu ya mfumo wa forodha wa Senegal uitwao GAINDE. Mawakala wa forodha waliozoea kubeba mafaili kutoka dirisha hadi dirisha ikawabidi wajifunze kujaza matamko kwenye kompyuta. Hayo yalikuwa mabadiliko makubwa, lakini Simba ilijua habari za karatasi tu. Lori likishatoka getini, mfumo haukuwa na macho.

Macho yalikuja mwaka 2010, KRA ilipoanzisha ufuatiliaji wa mizigo kwa vifaa vya kielektroniki. Hapa ndipo mimi kama mwandika programu ninapoanza kusisimka. Ndani ya sili ya aina hii mna kipokezi cha GPS, laini ya simu na betri. Waya wake ukikatwa, kinatuma ujumbe. Lori likitoka kwenye njia iliyochorwa kwenye ramani, au likisimama kupita kiasi, tahadhari inawaka kwenye skrini ya mtu aliye ofisini. Pasipo na mtandao wa simu, kifaa huweka kumbukumbu na kuzituma mtandao unaporudi.

Wenye malori hawakushangilia. Vifaa vilitoka kwa kampuni binafsi zilizoidhinishwa, na gharama ilimwangukia msafirishaji. Miaka michache baadaye Uganda nayo ikaanzisha mfumo wake, na Rwanda wake. Basi lori likifika mpakani, sili ya nchi moja inafunguliwa, ya nchi nyingine inafungwa. Tazama kichekesho hiki: mzigo uleule na barabara ileile, lakini seva mbalimbali zisizosemezana. Dereva anangoja, si kwa sababu teknolojia imeshindwa, bali kwa sababu nchi hii haiamini kumbukumbu za nchi ile. Ndugu zangu wa kompyuta, hilo haliponywi kwa kununua seva kubwa zaidi.

Dawa ilianza na makubaliano. Kuanzia mwaka 2014 nchi za ukanda huu zilianza kutekeleza himaya moja ya forodha, ambapo ushuru wa Uganda au Rwanda unaweza kulipwa kabla mzigo haujaondoka Mombasa. Kisha mwaka 2017, kwa fedha za Uingereza zilizopitia TradeMark East Africa, Kenya, Uganda na Rwanda zilizindua mfumo mmoja wa kufuatilia mizigo. Sili moja ikafungwa Mombasa na kufunguliwa mwisho wa safari, huku nchi zote tatu zikiiona. Kengele ikilia, kikosi kilicho karibu kinatumwa pale pale, badala ya kusindikiza kila lori. Ulinzi ulikazwa, na hata hivyo safari ikapungukiwa na vizuizi. Ndiyo sababu wasafirishaji wengi walioupinga mfumo wa kwanza waliona nafuu katika huu.

Ila kuna mtu tumemsahau, naye ameshika usukani. Mwaka 2020, wakati wa korona, malori yalipanga foleni ya makilomita pale Malaba yakisubiri majibu ya vipimo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaleta programu ya simu iliyobeba cheti cha afya cha dereva pamoja na ufuatiliaji wa safari yake. Wakati wa korona umepita, lakini hatua hiyo ni ya kukumbukwa: jicho lililowekwa kuchunga sukari lilianza kumchunga mtu.

Nimewahi kuandika programu ya kusoma data za GPS za malori, na nawaambieni kwamba kwenye jedwali, dereva anayelala kwa uchovu Mtito Andei na dereva anayeshusha mali ya magendo wanafanana kabisa. Kasi ni sifuri, dakika zinahesabiwa. Kwa hiyo madereva wamejifunza kusimama pale panapojulikana na kupiga simu ofisini kabla ofisi haijawapigia. Wengine hujikaza waendelee kuendesha wakiwa na usingizi ili tu wasiulizwe maswali. Barabara hii yenye Salgaa na ajali zake inatufundisha usingizi huo unaishia wapi.

Sipingi ufuatiliaji. Msafara ulikuwa mbaya zaidi, na magendo yanatuumiza sote. Lakini mfumo wenye sehemu ya kuandika nambari ya sili, njia na mzigo haukosi nafasi ya kuandika saa za kupumzika. Na dereva aruhusiwe kuisoma kumbukumbu ya safari yake mwenyewe, kwenye simu yake, kabla hajaitwa kujieleza. Kazi hiyo ya programu haitachukua hata mwezi. Kuikubali ndiko kutakakochukua muda, kama ilivyokuwa kwa ile sili moja.