Pumwani, Kaloleni na Bustani ya Jeevanjee: Starehe na Haki ya Kukaa Mjini Nairobi

Katika ramani ya Nairobi yamo majina ya Kiswahili ambayo, yakichunguzwa vyema, huieleza tabia ya mji huo kuliko majalada mengi ya serikali. Mtaa mmoja wa kale huitwa Pumwani, jina lenye asili katika kitenzi pumua: mahali pa kuvuta pumzi. Jimbo moja la uchaguzi huitwa Starehe. Jirani na Pumwani pana Shauri Moyo, na si mbali na hapo pana Kariokor, ambalo ni tamko la wenyeji la jina la kikosi cha wapagazi waliochukuliwa na Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mgeni asiyeijua historia yaelekea angedhani kwamba mji huu ulijengwa ili watu wake wapumzike. Lakini kwa muda wa miaka sitini ya kwanza swali la nani apumzike, wapi, na kwa kinywaji gani, lilikuwa ni swali la sheria. Na jibu lake lilitegemea rangi ya mtu.

Reli ilifika mahali hapo mwaka 1899, penye kinamasi na mto wa maji baridi. Walowezi hawakukawia kujitengenezea burudani zao. Yalianzishwa mashindano ya farasi, vikajengwa vilabu, na mwaka 1904 ikafunguliwa hoteli ya Norfolk, ambayo kwa wingi wa wageni wake wa nasaba kubwa za Kiingereza ilibandikwa jina la utani la bunge la juu la Uingereza, yaani Baraza la Malodi. Mwaka 1906 Alibhai Mulla Jeevanjee, tajiri aliyetoka Karachi na kufanya biashara Mombasa kabla ya kuja Nairobi, aliutolea mji bustani katikati ya maduka, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria.

Kwa Mwafrika hapakuwa na mpango wa namna hiyo. Alihesabiwa kuwa mkono wa kazi uliokuja mjini kwa muda, na kazi ikiisha, basi arudi kwao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alitakiwa kubeba kipande, mara nyingi kikiwa kimening'inizwa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Mtu wa namna hiyo angetakiaje mahali pa kustarehe? Jambo la ajabu ni kwamba wakuu wa mji walipoanza kulifikiria swali hilo, walilifikiria kwa upande wa fedha.

Pumwani ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ukiwa ndio mtaa rasmi wa Waafrika, ili vile vijiji vilivyotawanyika kandokando ya mji vipate kuondolewa kimoja baada ya kingine. Pamoja na mtaa huo kilikuja kilabu cha pombe cha manispaa. Mfano uliigwa kutoka Durban, Afrika Kusini, ambako baraza la mji lilikuwa limekwisha kugundua faida ya kujitwalia lenyewe haki ya kuwauzia Waafrika pombe. Kupika pombe nyumbani kulifanywa kosa. Aliyetaka kunywa kihalali alikwenda kilabuni, akanywa pombe iliyopikwa kwa amri ya manispaa, na faida ikatiwa katika mfuko wa kugharimia huduma za Waafrika. Kwa maneno mengine, mnywaji alijilipia mwenyewe, kikombe baada ya kikombe, huduma ambazo jasho lake na kodi yake vilikwisha kumstahilia.

Hata hivyo, starehe ya kweli ya Pumwani haikuwa kilabuni. Ilikuwa katika nyumba za udongo zenye vyumba vya kupangisha, na sehemu kubwa ya nyumba hizo, kama zile za kijiji jirani cha Pangani, zilikuwa mali ya wanawake. Wengi wao walikuwa Waislamu, au walisilimu baada ya kufika mjini. Walipangisha vyumba, wakauza chakula na chai, na wengine wakapika pombe kwa siri, wakiifukia ardhini ndani ya madebe polisi walipokuja kupekua. Wako pia waliopata fedha kwa kuwapokea wanaume ambao sheria za mji ziliwalazimisha kuishi bila wake zao. Wanahistoria wa siku za karibuni wameonyesha kwamba fedha hizo ndizo zilizojenga nyumba nyingi, na kwamba wanawake hao walikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kuufanya mji huu kuwa kwao hasa, pasipo nia ya kurudi popote.

Nyumbani mwao ndimo kijana aliyetoka Ukambani, Nyanza au Murang'a alimojifunza Kiswahili, na pamoja na Kiswahili akajifunza adabu za mjini: kunywa chai ya maziwa na sukari, kuvaa kanzu safi au koti, kumkaribisha mgeni kitini. Vyama vya lelemama vya wanawake vilishindana kwa mavazi na kwa nyimbo kama vilivyoshindana Mombasa na Lamu. Kwa hiyo Kiswahili cha Nairobi, ambacho mara nyingi hudharauliwa na watu wa pwani kwa ukavu wake, hakikuzaliwa kazini tu chini ya msimamizi wa reli. Kilizaliwa pia barazani, penye kikombe cha chai.

Pangani ulibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wake wakaelekezwa kwenye nyumba mpya za manispaa, ambamo wangekuwa wapangaji badala ya wenye nyumba. Ndiyo asili ya Shauri Moyo. Jina hilo lina uchungu ndani yake: kuhama au kutohama, mtu na ashauriane na moyo wake, maana shauri la serikali lilikuwa limekwisha kukatwa.

Ipo bidhaa moja ambayo historia yake hulifunua jambo hili waziwazi zaidi, nayo ni bia ya chupa. Kampuni ya kwanza ya bia nchini Kenya ilianzishwa mwaka 1922. Mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi, George Hurst, aliuawa na ndovu mawindoni, na kutokana na msiba huo bia ikaitwa Tusker. (Ni mara chache bidhaa ya dukani kupata jina lake kutokana na muuaji wa mwenye mali.) Kwa muda wa robo karne Mwafrika aliweza kuibeba bia hiyo kreti kwa kreti na kumwandalia bwana wake mezani, lakini sheria haikumruhusu kuinywa. Mwaka 1947 katazo hilo liliondolewa. Wakati huo walikuwa wamekwisha kurudi askari waliopigana Uhabeshi na Burma, na ilikuwa vigumu kumweleza mtu aliyebeba bunduki ya Mfalme kwamba hawezi kuaminiwa na chupa.

Chupa ilikuwa ghali kuliko kikombe cha pombe ya kilabuni, na waliweza kuinunua karani na mwalimu zaidi ya kuli. Aliyeiagiza hakuwa akitafuta ulevi tu, kwa maana ulevi ulipatikana kwa senti chache vichochoroni. Alitaka aonekane akiinywa. Mmisionari na mzee wa kijijini waliliona jambo hili kuwa ni upotevu wa mshahara, na hawakukosa sababu. Lakini walikosea walipodhani kwamba kilichonunuliwa kilikuwa kinywaji peke yake.

Katika miaka hiyohiyo ya 1940 ulijengwa mtaa wa Kaloleni, kwa nguvu za mateka wa vita wa Kiitaliano, wenye nyumba za mawe zilizokusudiwa kukaliwa na familia, na katikati yake ukumbi. Wakubwa wa manispaa walitumaini kwamba dansi, michezo na maktaba vingewatuliza vijana na kuwaepusha na siasa. Lakini wakazi waliufanyia ukumbi huo arusi na dansi siku za Jumamosi, kisha wakauitishia mikutano ya chama cha KAU, hata nao ukapata jina lake la utani, la bunge la chini la Uingereza, bunge la watu wa kawaida. Hivyo Nairobi ukawa na mabunge yake mawili ya mzaha, moja hotelini na moja mtaani. Mwezi wa Aprili 1954 majeshi ya serikali yaliuzingira mji na kuwakamata watu kwa maelfu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, mipaka ya rangi ilikuwa imekwisha kulegea, na mahali pake ikaja mipaka ya bei. Miaka ya 1970 wanamuziki kutoka Zaire, kama Super Mazembe na Les Mangelepa, walifanya makao yao Nairobi, na wakaona faida ya kuchanganya Kilingala na Kiswahili ili mnunuzi wa sahani apate kuimba pamoja nao. Mwaka 1980 ilitungwa sheria maalumu ya kupiga marufuku chang'aa, ambayo ilidumu hadi 2010. Mpikaji wa Pumwani angalikuwa hai asingaliona tofauti kubwa kati ya polisi wa zamani na wa sasa. Mwaka 1983 lilifunguliwa jumba la maduka la Sarit huko Westlands, mwanzo wa majumba ambamo kununua na kutembea vimekuwa kitu kimoja, ilhali walio wengi waliendelea kujivika mitumba ya Gikomba. Majumba ya sinema yalififia. Shan, la Ngara, limegeuzwa ukumbi wa wanasarakasi.

Mabishano juu ya mahali pa kupumzikia hayakwisha. Mwaka 1989 ulitangazwa mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani iliyokuwa imefunguliwa na Rais Kenyatta miaka ishirini kabla. Wangari Maathai aliupinga, akatukanwa Bungeni, na mwishowe mpango ukaachwa. Miaka miwili baadaye baraza la mji lilitaka kuigeuza bustani ya Jeevanjee kuwa maegesho ya magari na maduka. Mjukuu wa mtoaji, Zarina Patel, aliongoza upinzani, na bustani ikanusurika. Sanamu ya Victoria iliangushwa mwaka 2015 na watu wasiojulikana. Lakini viti vimebaki, na saa sita za mchana hukaliwa na makarani, wahubiri, wapiga picha na watu wasio na kazi, wakila mahindi ya kuchoma au wasile kitu, bila ya mtu kuwauliza wamenunua nini.