Gari la spoti la Kiingereza: Ni umbo, ushindi au asili?

WAPENZI wa magari ya kale wanapokutana, swali moja halikosi kuzua ubishi: ni gari lipi hasa linalostahili kuitwa gari la spoti la Kiingereza? Swali hilo lina uzito wa pekee katika Pwani ya Kenya, ambako chuma hakidumu na ambako kumbukumbu za mbio za Safari zingali hai.

Wanaoshikilia maana ya zamani hutaja sifa chache. Gari liwe na viti viwili, paa la turubai linalokunjwa, injini mbele, na nguvu zipelekwe kwa magurudumu ya nyuma. Liwe jepesi, tena bei yake isimshinde mtu wa mshahara wa kawaida. Kwa mujibu wa kambi hii, mfano bora ni MGB, iliyoanza kuundwa mjini Abingdon mwaka wa 1962. Kufikia 1980, kiwanda hicho kilipofungwa, zaidi ya magari 500,000 ya aina hiyo yalikuwa yametengenezwa.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba magari hayo yalizaliwa kutokana na vipuri vya kawaida mno. Injini ya MGB ilitoka katika ukoo mmoja na zile za magari ya familia ya Austin na Morris. Austin-Healey 100, iliyoonyeshwa London mwaka wa 1952, iliazima injini ya Austin A90. Ajabu zaidi ni Triumph TR2 ya mwaka wa 1953: injini yake ilikuwa na udugu na ile ya trekta la Ferguson, trekta lilelile lililolima mashamba ya walowezi nchini Kenya. Basi anayedai kwamba gari la spoti sharti liwe na mtambo wa kipekee atakuwa amewaondoa mashujaa wengi orodhani.

Jaguar E-Type ndiyo inayovuruga hesabu. Ilipozinduliwa Geneva mnamo Machi 1961, ilisifiwa kwa umbo lake na kwa kasi iliyodaiwa kukaribia kilomita 240 kwa saa. Haikuwa gari la mnyonge, ingawa ilikuwa rahisi ikilinganishwa na washindani wake wa Italia. Hakuna anayethubutu kuikataa. Kwa hivyo kigezo cha bei huwa kinalegezwa kimyakimya kila inapotajwa.

Nchini Kenya, hata hivyo, mjadala una kambi ya pili ambayo haiulizi juu ya viti wala paa. Swali lake ni: gari hilo lilishinda nini? Tangu mbio za Safari zianzishwe mwaka wa 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, hakuna gari la Kiingereza la viti viwili lililowahi kuibuka mshindi. Magari ya Uingereza yaliyofaulu yalikuwa ya familia: Ford Zephyr mwaka wa 1955, Ford Cortina mwaka wa 1964, kisha Ford Escort mara mbili. Hannu Mikkola wa Finland aliishinda Safari ya 1972 akiwa na Escort, naye Björn Waldegård wa Uswidi akafanya hivyo mwaka wa 1977.

Umaarufu wa Escort Pwani ulihuishwa na mbio za magari ya kale za East African Safari Classic, zilizoanza mwaka wa 2003 na ambazo zimepitia Mombasa mara kadhaa. Waldegård alishinda tena kwa Escort mwaka wa 2007. Lakini ushindi haubadilishi umbile. Escort ni gari la familia lililonolewa kwa ajili ya mbio, na kampuni mama ni ya Marekani. Gari la spoti halisi lililotamba katika Safari lilikuwa Datsun 240Z, mshindi wa 1971 na 1973, nalo lilitoka Japani. Si habari tamu kwa wapenzi wa MG.

Suala la umiliki nalo halina nguvu sana. Jaguar ni mali ya kampuni ya Tata ya India tangu 2008, ilhali jina la MG liko mikononi mwa Wachina. Hayo hayawezi kufuta mahali ambapo gari la 1965 lilibuniwa na kuundwa. Ugumu unajitokeza kwa magari mapya, kama vile MG Cyberster, gari la umeme lenye viti viwili linaloundwa China.

Kwa fundi wa gereji ya Mjambere, katika eneobunge la Kisauni, ubishi huu una sura tofauti. Upepo wa chumvi hula bodi ya MGB kuanzia vizingiti vilivyo chini ya milango, na kwa kuwa gari hilo halina chesisi ya pekee, kutu hapo ni maradhi ya uti wa mgongo. Lotus Elan ina bodi ya faiba isiyoshika kutu, ila chesisi yake ni ya chuma. Morgan, iliyo na fremu ya mbao, ingewafurahisha mchwa. Isitoshe, spana za milimita hazitoshi kwenye nati za magari hayo, na kabureta mbili za SU sharti zisawazishwe ili injini itulie.

Ndipo linapokuja swali linalowagawa watu kuliko yote: je, MG iliyotiwa injini ya Toyota ingali gari la Kiingereza? Wenye msimamo mkali hukataa katakata. Wengine hujibu kwamba gari linalotembea ni bora kuliko mabaki yaliyofunikwa turubai, hasa ikikumbukwa kwamba waundaji wenyewe waliazima injini popote walipoipata. Hoja hii ya pili ina mashiko, mradi injini ya awali ihifadhiwe.

Kuihifadhi si jambo dogo. Kanuni ya KS 1515 kwa kawaida hairuhusu magari yaliyozidi umri wa miaka minane kuingizwa nchini, hivyo MG inayooza Kisauni leo si rahisi kupatiwa mbadala kupitia bandari ya Kilindini.