Ingi: DNA inayohamahama iliyopewa jina la Kiswahili

KANDO ya Barabara ya Naivasha, eneo la Uthiru na Kabete magharibi mwa Nairobi, ipo Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI). Kabla ya taasisi hiyo kuundwa mwaka 1994, hapo palikuwa na maabara ya ILRAD, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa kusudi la kutafuta chanjo za magonjwa mawili yanayomfilisi mfugaji wa Afrika Mashariki: nagana, unaoenezwa na mbung'o, na homa ya ndigana, inayoenezwa na kupe.

Chanjo ya nagana haijapatikana hadi leo. Lakini mwaka 1987 watafiti watatu wa ILRAD, Bruce Kimmel, Onesmo ole-MoiYoi na John Young, walichapisha habari ya kitu ambacho wengi hawakukitarajia katika kimelea kidogo kama hicho. Ndani ya DNA ya Trypanosoma brucei, mmoja wa vijidudu wa jamii inayosababisha nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu, walikuta kipande chenye urefu wa takriban herufi 5,200 kilichotapakaa mahali pengi. Wakakiita ingi, kwa maana ile ile ya Kiswahili.

Msomaji wa sarufi atatabasamu. Katika Kiswahili mzizi huu hausimami wenyewe. Hudai kiambishi cha ngeli, ndipo tunaposema wengi, mingi au nyingi. Wanasayansi waliuacha uchi, na hivyo ndivyo unavyoandikwa katika majarida ya kitaaluma kote duniani.

Ingi ni mfano wa DNA inayohamahama, yaani vipande vya urithi visivyotulia mahali pamoja. Viumbe karibu wote wanavyo. Aliyevigundua kwanza, katika mahindi, ni Mmarekani Barbara McClintock, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983 baada ya kupuuzwa na wenzake kwa miaka mingi.

Vipande hivyo havihami kwa njia moja. Vingine hujikata mahali vilipo na kujipachika pengine. Ingi haijikati. Hunakiliwa kwanza kuwa RNA, kisha kimeng'enya maalumu huigeuza RNA hiyo kuwa DNA tena na kuiingiza mahali papya. Nakala ya kwanza hubaki ilipokuwa, na ndiyo sababu idadi huongezeka. Jenomu ya kimelea hiki, iliyochapishwa mwaka 2005, ina nakala za ingi zaidi ya mia moja. Nyingi ni mabaki yaliyoharibika, yasiyoweza kuhama tena. Hata kile kipande kilichosomwa kikamilifu Uthiru mwaka 1987 kilionekana kuwa nakala iliyokwisha kufa.

Jambo lililowashangaza zaidi watafiti hao ni miisho ya ingi. Miaka mitatu kabla, mwaka 1984, wanasayansi wengine walikuwa wameeleza kipande kifupi cha herufi 512 katika kimelea hicho hicho, kinachojulikana kwa jina RIME. Nusu ya RIME ilikutwa mwanzoni mwa ingi, na nusu ya pili mwishoni. RIME haina maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya cha kuihamisha. Inaaminika kwamba hutumia kile cha ingi, mithili ya mtu anayedandia matatu bila nauli.

Ukoo wa ingi ni wa kale mno. Kimeng'enya chake kinafanana na cha vipande vilivyojaa katika jenomu ya binadamu na ya wanyama wengine wanaonyonyesha. Nzi wa matunda, yule mdogo anayezunguka ndizi mbivu jikoni, naye ana ndugu zake ingi. Huyu ndiye aliyewafunza wataalamu jinsi DNA ya namna hii inavyobadilika kwa vizazi.

Nzi wa matunda wa jamii ya Drosophila melanogaster walionaswa porini mapema katika karne ya 20, na kufugwa maabarani tangu hapo, hawana kipande kinachoitwa P. Kufikia miaka ya 1980, wale wa porini walikuwa nacho karibu kote duniani. Kilitoka kwa jamii nyingine ya nzi, Drosophila willistoni wa Amerika, ambao hawazaliani nao kabisa. Mwaka 2015 iliripotiwa kwamba kipande hicho kimeingia katika jamii ya tatu, Drosophila simulans. Dume mwenye P akikutana na jike asiyekuwa nacho, watoto wao huweza kuzaliwa tasa. Kwa hiyo nzi hujilinda: hutengeneza RNA fupi zinazotambua wavamizi hao na kuwanyamazisha.

Vimelea wa malale nao wana ulinzi wa aina hiyo. Mwaka 2001 Appolinaire Djikeng, mwanasayansi kutoka Cameroon aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Yale, pamoja na wenzake, walionyesha kuwa T. brucei ana RNA fupi zenye herufi 24 hadi 26 zinazotokana na vipande vinavyohama, ingi kikiwamo. Djikeng aliteuliwa kuwa Mkurugenzi Mkuu wa ILRI mwaka 2023, katika viwanja vile vile ambako ingi ilipewa jina.

Si kila ndugu wa T. brucei aliyebaki na ingi iliyo hai. Leishmania major, kimelea anayesababisha vidonda vya ngozi, amebakiwa na magofu tu. Hata hivyo magofu hayo hayakupotea bure. Utafiti wa mwaka 2007 ulibaini kuwa vipande vifupi vilivyotokana nayo vimetapakaa katika jenomu yake, na baadhi husaidia kupunguza kiwango cha RNA ya jeni zilizo jirani. Mvamizi amegeuzwa kuwa mtumishi.

Ng'ombe mwenyewe hakusalimika. Takriban robo ya jenomu yake imetokana na kipande kiitwacho BovB na masalia yake, ambacho pia hupatikana kwa nyoka na mijusi. Mwaka 2013 watafiti walitoa ushahidi kwamba huenda kupe ndio waliokibeba kutoka mnyama mmoja hadi mwingine. Kwa mfugaji anayemjua kupe kwa ndigana peke yake, hii ni kesi mpya.

Faida ya elimu hii imeonekana katika upimaji. Kwa kawaida mgonjwa wa malale hupimwa kwa hadubini, na vimelea wakiwa wachache katika damu hawaonekani. Mkenya Zablon Njiru na wenzake walichapisha mwaka 2008 kipimo kinachotafuta RIME. Kwa vile kila kimelea ana nakala nyingi za kipande hicho, hata DNA kidogo sana yatosha kutoa jibu. Kipimo chenyewe hufanyika katika joto moja lisilobadilika, bila mashine ghali za maabara kubwa. Kasoro yake ni kwamba hakitofautishi vimelea wanaomwambukiza binadamu na ndugu zao wanaobaki kwa wanyama, wakiwamo wale wa surra ya ngamia. Kwa aina ya malale ya Afrika Mashariki, jeni nyingine iitwayo SRA hutafutwa.

Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma nchini Kenya. Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa humu nchini na kugunduliwa hapa alipatikana mwaka 2009. Cheti hicho hakihusu mifugo. Mbung'o wangali katika mbuga na vichaka, na nagana ingali inaua ng'ombe.