Tiba ya mionzi: kwa nini mmoja hubabuka na mwenzake hababuki?

Swali hili hutufikia kila tunapozungumzia saratani hewani. Wagonjwa wawili wametibiwa hospitali moja, kwa ugonjwa uleule na kwa idadi ileile ya siku. Mmoja amerudi kijijini ngozi imebabuka na anaharisha, mwenzake analalamika uchovu tu. Je, yule wa kwanza alizidishiwa mionzi? Mara nyingi jibu ni hapana. Tuangalie sababu.

Kiasi cha mionzi

Mionzi hupimwa kwa kipimo kiitwacho grei. Katika mpango uliozoeleka, mgonjwa hupewa grei 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki, mpaka zifike 45 au 50, na kwa baadhi ya saratani hadi 70. Hugawanywa hivyo ili seli nzima za mwili zipate muda wa kujikarabati kabla ya siku inayofuata. Seli za saratani kwa kawaida hujikarabati vibaya zaidi.

Madhara huongezeka jumla ya mionzi inapokuwa kubwa, dozi ya siku moja inapopanda, au eneo linalopigwa linapokuwa pana. Mahali nako kuna uzito wake. Mwenye saratani ya mlango wa kizazi hupigwa mionzi karibu na kibofu na utumbo, hivyo anaweza kuharisha au kuumwa anapokojoa. Mwenye saratani ya koo hupata vidonda mdomoni na mate hukauka.

Madhara ya mapema huja wakati wa tiba na mengi hupungua wiki chache baada ya kumaliza. Mengine huchelewa miezi au miaka: ngozi kuwa ngumu, uke kubana, damu kwenye mkojo au choo.

Tulichozaliwa nacho

Hata dozi zikilingana, miili hailingani. Kila mtu hurithi jeni kutoka kwa baba na mama, na baadhi ya jeni huongoza kazi ya kukarabati seli zilizoumizwa. Mojawapo ni ATM, iliyotambuliwa mwaka 1995. Mtoto aliyerithi nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa adimu unaomfanya ayumbe anapotembea, na kwake dozi ya kawaida ya mionzi inaweza kuwa hatari sana.

Kwa wengi wetu hakuna jeni moja ya kulaumiwa, bali tofauti ndogondogo nyingi. Ndiyo maana ni vigumu kuzipima. Mwaka 2012 watafiti nchini Uingereza walichunguza wagonjwa zaidi ya 1,600 wa saratani ya matiti na tezi dume, wakitafuta tofauti za jeni zilizokuwa zimetajwa katika tafiti za awali. Hawakuweza kuzithibitisha. Kwa hiyo daktari bado hupanga dozi kwa kuangalia aina ya saratani, ukubwa wake na viungo vilivyo jirani.

Yapo pia mambo yasiyo ya kurithi: kuvuta sigara, kisukari, upasuaji wa awali, na kupewa dawa za saratani pamoja na mionzi.

Ufanye nini?

Usikatishe tiba kwa sababu umebabuka na mwenzako hakubabuka. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, wataalamu hulenga kumaliza mionzi yote, ya nje na ya ndani, katika wiki 8. Ukikaa nyumbani katikati ya tiba, seli za saratani hupata nafasi ya kuongezeka tena.

Waeleze wahudumu madhara mapema, maana kuharisha, maumivu na vidonda vina dawa. Kabla ya kuanza, sema kama una kisukari, kama uliwahi kupigwa mionzi, au kama kuna ndugu wa damu aliyedhurika sana kwa mionzi. Usipake mafuta wala dawa ya mitishamba kwenye eneo linalotibiwa bila kuuliza.

Tunza karatasi zako za hospitali. Ukiona damu kwenye mkojo au choo, hata miaka ikiwa imepita, nenda kituo cha afya na useme wazi kwamba ulitibiwa kwa mionzi.