Siku za Mbwa na Saa za Eropleni

Baina ya Fairbanks na McGrath, makazi mawili ya bara ya Alaska, masafa ya hewani yapata kilomita 450. Lakini mwanzoni mwa karne ya ishirini hesabu iliyowafaa wenyeji ilikuwa ni ya siku, kama manahodha wa mwambao walivyopima safari zao kwa kaskazi na kusi, maana barua za majira ya baridi zilichukuliwa kwa sleji zilizovutwa na mbwa, na safari moja ikala zaidi ya wiki mbili.

Tarehe 21 Februari 1924, Carl Ben Eielson, rubani aliyepata kusomesha katika shule ya Fairbanks, alipakia barua ndani ya eropleni ya De Havilland, iliyofungwa mbao za kutelezea thelujini mahali pa magurudumu, akaruka, na kabla ya saa tatu kutimia akawa yu McGrath. Marejeo hayakuwa na heri kama hiyo: njia ilimpotea, usiku ukamwingilia angali angani, hata alipoiona mioto waliyomwashia watu wa mji, alitua kwa mshindo na eropleni ikaharibika. Idara ya posta ilikuwa imempa mkataba wa safari kumi, kwa ujira uliopungua ule wa wenye mbwa. Alipokwisha kutimiza nane, nayo ajali zikikithiri, mkataba ukavunjwa, na barua zikarudi kwa mbwa.

Wako waandishi waliodai kwamba siku ile ya Februari ndiyo iliyomaliza zama za sleji. Dai hilo ni la haraka mno. Haukupita mwaka mzima, Januari 1925, ugonjwa wa dondakoo ulizuka Nome, bandari ya magharibi iliyokuwa imezingirwa na barafu, ikawa lazima seramu ifikishwe upesi kwa watoto waliokuwa hatarini. Reli iliifaa safari hiyo hadi Nenana tu, kilomita 1,085 kutoka Nome. Eropleni zilikuwako Fairbanks, ila zilikuwa zimefunguliwa vipande na kuwekwa hadi baridi ipite, na kiti cha rubani kilikuwa wazi kwa upepo, katika baridi iliyoweza kushuka nyuzi 40 chini ya sifuri. Watawala, baada ya mashauri marefu, wakawakhitari mbwa. Na kwa rai yangu hawakukosea. Waendesha sleji 20 walipokezana dawa usiku na mchana, naye Leonhard Seppala ndiye aliyekabidhiwa sehemu ndefu na ya khatari kuliko zote, hata tarehe 2 Februari Gunnar Kaasen akaingia Nome nayo, ikiwa ni siku tano na nusu tangu kuondoka Nenana.

Eielson hakukata tamaa. Aprili 1928, pamoja na Hubert Wilkins wa Australia, aliondoka Point Barrow, ncha ya kaskazini ya Alaska, akavuka bahari ya barafu kuelekea Spitsbergen, masafa ya kilomita 3,500 hivi, kwa muda wa saa 20 na dakika kidogo. Saa hizo ndizo zilizoenea sifa duniani. Ila tufani iliwalazimisha kutua kisiwani, na wakakaa humo siku tano, wakingoja mbingu ikunjuke, ilhali kituo cha simu ya upepo cha Green Harbour, walikokuwa wakienda, kilikuwa mwendo wa dakika chache tu kwa eropleni.