Kijana na bidoni la maji: wakambo walisema nini kweli?

Kila tukizungumza na wazazi juu ya kazi za nyumba, jibu linalorudi ni kwamba kutwanga sombe na kuchota maji si kazi ya kijana mwanaume, kwa sababu wakambo ndivyo walivyotuachia. Jibu hilo lina ukweli nusu. Historia ya huku kwetu inayo nusu nyingine.

Katika vijiji vya Watabwa, Waholoholo na Waluba, kazi ziligawanywa kweli. Binti alimfuata mama mtoni, shambani na jikoni. Kijana alimfuata baba au mjomba: kukata miti ya shamba jipya, kutega mitego, kutengeneza nyavu, kufukuza nyani na ndege mashambani, kuchunga mbuzi. Lakini angalieni vizuri: hakukuwa na mtoto wa kukaa bure. Kijana alikuwa na mzigo wake, na nyumba nzima ilikula kutokana nao. Hilo ndilo tunalolisahau tunapowataja wakambo.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1885 mapadri Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Wapadri Weupe, walipokea kituo cha Mpala, kusini mwa Kalemie kandokando ya ziwa. Waliwakomboa watoto waliokuwa wametekwa na wafanyabiashara wa watumwa, wakawalea misioni. Watoto hao hawakuwa na mama wala mjomba wa kuwagawia kazi, kwa hiyo misioni ndiyo iliyogawa, na kulima kulikuwa sehemu ya maisha yao.

Mji wetu ulianza kama kambi ya kijeshi mwishoni mwa 1891, ukaitwa Albertville. Reli kutoka Kabalo ilipofika mwaka 1915, wanaume wengi wakaja kutafuta mshahara. Hapa kuna jambo la kushangaza. Katika nyumba za Wabelgiji, nani alipika, akafula nguo, akapiga pasi na kuosha sahani? Wanaume. Mpishi alikuwa mwanaume, boyi alikuwa mwanaume. Mikono ya mwanaume iliweza kazi zote hizo, mradi kuna franga mwisho wa mwezi. Lakini jina la boyi lilikuwa na dharau ndani yake, maana mtu mzima mwenye watoto aliitwa kama mtoto. Hata leo kijana akionekana na beseni la vyombo, wenzake wanaweza kumcheka kwa jina hilo hilo. Kwa maoni yangu, aibu hiyo imetoka kwenye baraza la Mzungu zaidi kuliko kwa wakambo.

Wakati huo huo, katika miji ya Kongo ya Wabelgiji, wanawake walifundishwa kushona, kupika na kupiga pasi katika nyumba zilizoitwa foyer social. Masomo nayo yakafuata njia hiyo: mpango wa mwaka 1948 uliwafungulia wavulana sekondari, huku wasichana wengi wakielekezwa kwenye shule za kazi za nyumba. Pasi ni ile ile, lakini mume alilipwa kwayo na mke akaambiwa ni wajibu wake.

Tufike siku zetu. Mapigano kati ya Wabatwa na Waluba yalianza mwaka 2013, yakazidi mwaka 2016, na maelfu ya familia zikakimbilia Kalemie. Katika kukimbia, kazi za kijana zilibaki nyuma: shamba, mitego, mbuzi. Za binti zilikuja naye: chungu, bidoni, mtoto wa mgongoni. Kwa hiyo katika kituo unakuta kijana wa miaka 14 amekaa chini ya mti, na dada yake wa miaka 10 yuko kwenye foleni ya maji tangu alfajiri. Shule ya msingi ya serikali imekuwa ya bure tangu Septemba 2019, lakini bure hiyo haimsaidii anayefika darasani saa nne. Na hapa kwetu, penye kipindupindu cha kila mara, maji safi si jambo la kuahirisha. Lazima mtu ayafuate.

Hati ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto, ya mwaka 1990, inasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana wajibu wa kusaidia wazazi wake. Inasema mtoto, haisemi binti. Hati hiyo hiyo inakataza kazi inayomdhuru au kuzuia ukuaji wake. Wamama na wababa, bidoni la lita 20 linamfaa zaidi kaka mwenye nguvu kuliko mdogo wake. Kuosha sahani kunaweza kupokezana, leo huyu, kesho yule. Na baba akishika ufagio mara moja mbele ya watoto, maneno yatapungua.

Kama kijana bado anaona aibu ya jikoni, apelekwe kwenye kambi za wavuvi kandokando ya ziwa. Atawakuta wanaume wenye vifua vipana, waliotoka kuvua ndakala usiku kucha, wanasonga bukari yao wenyewe.